Maongezi Yapo

Wapo watu katika mji huu wa Sumbawanga wanaosema dalali wa viwanja ni balaa. Wanamwita tapeli, kupe, mla bila jasho. Nimewasikia sokoni, nimewasikia nje ya kanisa baada ya misa ya kwanza, na wengi wao, ukiwafuata mpaka nyumbani, utakuta wanaishi kwenye viwanja walivyoonyeshwa na dalali huyo huyo. Binadamu hana shukrani. Naomba basi nafasi nimtetee mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye ofisi pekee ya ardhi inayofanya kazi hapa Majengo siku saba za wiki, bila foleni, bila fomu, na bila kuambiwa mtandao unasumbua.

Tuanze na bidii yake. Asubuhi za Julai, baridi ya Ufipa ikiwa imewafungia watu ndani na wenye vibanda wakisitasita kufungua, dalali wetu amekwisha kukaa kijiweni, koti zito mwilini, kahawa mkononi, simu tatu juu ya benchi. Moja ni ya wauzaji. Ya pili ni ya wanunuzi. Ya tatu ni ya wale waliokwisha kulipa, na hiyo, ili kuokoa chaji, huwa imezimwa.

Tena ni mtaalamu wa kufupisha. Ardhi ya Tanzania ina maelezo marefu. Yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba yetu. Wewe na mimi tunapewa haki ya kuitumia, na hati za mjini huja na muda wake, miaka 33, 66 au 99. Mwaka 1958 Nyerere aliandika kupinga ardhi kufanywa bidhaa ya mtu binafsi, na mwaka 1963 milki huru zilizoachwa na mkoloni zikageuzwa kuwa za kupangishwa. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Profesa Issa Shivji, ikazunguka nchi kusikiliza vilio vya ardhi, ikaandika majuzuu mawili. Ikaja Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995. Zikaja sheria mbili za 1999, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zikaanza kutumika Mei 2001. Ukisha kuyasoma hayo yote unajua mengi, ila hujui kama ununue au uache.

Dalali anakuangalia usoni na kusema: “Bosi wangu, hakina mgogoro.”

Maneno hayo machache tume nzima ya maprofesa na wanasheria haikuthubutu kuyaandika. Juzuu lake la pili, kinyume chake, lilikuwa la migogoro tupu.

Na si kwamba hapa kwetu mambo ni mepesi. Manispaa yetu ina mitaa na ina vijiji. Ukitoka Majengo kuelekea Milanzi au Pito, mahali fulani njiani unaiacha Sheria Na. 4 unaingia Na. 5, na hakuna kibao kinachokuambia. Huku mwenye mamlaka ya kugawa kiwanja ni halmashauri ya manispaa. Kule ni halmashauri ya kijiji, tena kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti wa mtaa, kisheria, hagawi hata tuta la viazi. Mnunuzi akielezwa hivyo hushikwa na kizunguzungu, akaahirisha kujenga, akazeeka kwenye chumba cha kupanga. Dalali huvuka mpaka huo wa sheria mara kadhaa kwa siku juu ya bodaboda na hajawahi kuuona.

Sasa tufike kwenye kuonyeshwa kiwanja, maana hapo ndipo kipaji kinapojitokeza.

Kwanza unalipa hela ya kuonyeshwa. Wenye kinyongo huiita hela ya kutalii, lakini hebu fikiria unachopata. Kwa pesa hiyo, na nauli ya pikipiki ya watu wawili ambayo pia ni yako, utazungushwa Chanji, Izia, Kizwite na Katandala, utaelezwa nani kafiwa, nani kaachika, nani anadaiwa na benki, nani ana kesi, na kwa nini kila mmoja wao anauza haraka. Hakuna ofisi ya takwimu inayoweza kukupa hayo. Muuzaji daima yuko safarini au hospitalini. Hajapata kuwepo Sumbawanga mtu anayeuza kiwanja huku akiwa mzima na ana nafasi.

Halafu kuna umbali. Kiwanja kiko mita mia tano kutoka lami. Watu wa hesabu hulalamika kwamba wametembea nusu saa hawajakifikia. Ni kwa sababu wanapima ardhini. Dalali hupima kwa macho, akiwa amesimama kilimani, kiangazi, hewa ya Ufipa ikiwa safi mpaka safu ya Mbizi unaiona hapo jirani. Kwa kipimo hicho kila kitu kiko karibu. Shule iko hapo mbele. Zahanati hapo mbele. Umeme upo, na kweli upo, nguzo unaiona. Maji yanakuja. Uwanja wa ndege uko karibu kiasi cha kupandisha thamani, lakini si karibu kiasi cha kelele. Na bei? Maongezi yapo.

Kiwanja hakionyeshwi masika. Hili ni jambo la uungwana ambalo wengi hawalitambui. Kati ya Desemba na Aprili mvua za uwanda wa juu zinaponyesha, mabonde yetu hujaa maji, na haifai kumpeleka mgeni mwenye viatu vizuri mahali ambapo vyura wanaimba. Dalali husubiri mpaka Agosti. Wakati huo bonde limekauka, limepasuka, na udongo wake mweusi unapendeza macho. “Hapa hata bustani ya mboga mama atapata,” atakuambia, na hadanganyi. Mchicha utastawi, na kama una moyo, hata samaki. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema shughuli za kudumu za binadamu zikae mita 60 kutoka kingo za mto. Dalali wetu anaiheshimu sana sheria hiyo. Ndiyo maana anafafanua kwamba ule si mto, ni maji ya mvua yanayopita.

Upimaji hufanywa kwa hatua. Thelathini kwa ishirini, anayetembea ni kijana wa dalali. Nimechunguza nikagundua kwamba vijana wako wawili. Mfupi hupima kiwanja anachouziwa mteja, na mrefu hupima pale dalali anaponunua kwa ajili yake. Mgawanyo huu wa kazi unafundishwa vyuoni kwa ada kubwa. Mipaka nayo ni ya asili: mnyonyo, tuta la zamani, njia ya ng'ombe, mkaratusi ule pale. Mwaka wa pili mkaratusi umekatwa kuni na mpaka umekatwa nao. Kwenye maeneo yaliyopimwa na serikali kuna mawe yenye namba, ila mawe hayo yana tabia. Nimeyaona yakihama usiku mmoja hatua nne kuelekea kwa mjane.

Siku ya kuuziana ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote, na kwa kweli ningeshauri watalii wanaokwenda maporomoko ya Kalambo wapitishwe hapa kwanza.

Tunakusanyika sebuleni kwa mtu. Salamu zinakwenda kwa utaratibu wa Kifipa, magoti kidogo na makofi ya heshima, mpaka unaona aibu kuuliza habari ya nyaraka. Kuna muuzaji, kuna mnunuzi, kuna mashahidi wawili wa kila upande, kuna mzee mmoja ambaye hakuna anayemjua lakini anakunywa soda. Karatasi ya mauziano imekwisha kuchapwa steshenari, imebaki kujazwa majina, na mara nyingine jina la muuzaji aliyetangulia halijafutwa vizuri. Si neno. Inaonyesha uzoefu.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kwenye kifungu cha 59, haimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ni sheria nzuri, na ingekwamisha mauziano mengi kama si dalali. Muuzaji akiwa mke wake kasafiri, kanuna, au hajui lolote, dalali humpatia mke wa kusaini. Ni mama mtulivu, amevaa kitenge, anainamisha kichwa inavyotakiwa, anaweka dole gumba na kusema, “Nimeridhika baba.” Nimemshuhudia akiridhika katika nyumba tatu tofauti na waume watatu tofauti, na kila mara kwa upole ule ule. Ndoa nyingi za kanisani hazijafikia maelewano ya namna hiyo. Watoto wakubwa wa kutoa ridhaa ya urithi nao hupatikana, ila wao bei yao imepanda tangu wamalize kidato cha nne.

Kisha mihuri. Hapa ndipo mnunuzi wa Majengo anapopumua. Tumezaliwa na imani kwamba wino ukigusa karatasi, ardhi imehama, na dalali si mtu wa kuvunja imani ya mwenzake. Muhuri wa kwanza ni wa mtaa, na unakuja na asilimia 10 ya ofisi, ambayo haimo kwenye sheria yoyote niliyowahi kuisoma na ambayo viongozi wa juu wameikemea mara kwa mara. Muhuri wa pili ni wa wakili. Wakili anathibitisha kwamba waliosaini wamesaini mbele yake. Jambo hilo ni kweli kabisa, walisaini, na yeye alikuwepo. Hakuna mahali alipoandika kwamba kiwanja ni cha muuzaji, na hakuna aliyemuuliza. Wenye bahati hupata muhuri wa tatu, wa kata au wa chama chochote kilicho karibu. Karatasi yenye mihuri mitatu inaheshimiwa mtaani kuliko hati ya serikali yenye mmoja.

Niseme kidogo habari ya asilimia, kwa sababu ndipo fitina inapoanzia. Serikali inadai ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kwa mkazi aliyepata faida kwenye mauzo inadai asilimia 10 ya faida hiyo. Watu wanalia kwamba nchi inawanyonya. Dalali anachukua asilimia 10 ya bei nzima, mtaa unachukua 10 yake, na watu hao hao wananunua soda za kuwashukuru. Mtu wa mapato anayetafuta jinsi ya kupanua wigo wa kodi angefanya vyema kukaa kijiweni wiki moja ajifunze. Kwamba bei inayoandikwa kwenye karatasi ni nusu ya ile iliyolipwa, ili ushuru usiumize, ni ukarimu mwingine wa dalali ambao mnunuzi huukumbuka kwa machozi siku anapodai kurudishiwa pesa zake mbele ya baraza.

Naam, baraza. Wasiompenda dalali hudai kwamba anauza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Kwanza, huo ni uchache. Nawajua walio wanne. Pili, hawaoni faida ya kijamii. Katika mji unaokua, watu hawajuani. Mwalimu aliyehamia kutoka Kigoma na mfanyabiashara wa mahindi wa Laela wangekutana wapi? Dalali anawakutanisha, asubuhi moja, kila mmoja na tripu yake ya matofali ya kuchoma, kwenye ardhi ile ile. Tangu hapo hawataachana.

Na safari yao imeandaliwa vizuri na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002. Wataanzia baraza la kata. Zamani lilikuwa linaamua. Tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 wahusika wanaendelea mbele. Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kutoka hapo Mahakama Kuu, ambayo kwa bahati njema tunayo hapa hapa Sumbawanga, hakuna nauli ya Mbeya tena. Kutoka hapo Mahakama ya Rufani. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, kwa hiyo hakuna haraka ya kuanza. Namjua mdai na mdaiwa ambao watoto wao walifahamiana kwenye benchi la baraza, wakioneana huruma, na mwisho walioana. Mahari ilitajwa kiwanja. Wazee wa pande zote mbili walikubali kwa moyo mweupe, kwa kuwa kila upande uliona unatoa kilicho chake.

Tatu, hata bila dalali mgogoro utakufuata, na hapa lazima niwaelekeze wenye chuki kwenye historia ya Ufipa yenyewe. Miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilihamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya ukoo kwenda vijiji vipya. Mahame yakabaki: miembe, makaburi, vinu vya kufulia chuma vya mababu vikisimama peke yake porini. Wengine wakapewa kulima hapo. Miaka ikapita, wajukuu wa waliohamishwa wakakumbuka. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuzima madai ya namna hiyo kwenye vijiji vilivyoanzishwa, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay kutoka huko Mbulu, ikasema haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haifutwi bila fidia. Hukumu nzito, ya heshima. Matokeo yake ni kwamba chini ya kiwanja kimoja pembezoni mwa mji panaweza kuwa na tabaka tatu za wenyewe: wa babu, wa operesheni, na wa juzi. Dalali anawajua wote watatu kwa majina na anauza kwa niaba ya yeyote aliye nyumbani siku hiyo.

Watu wakubwa wana migogoro yao pia. Shamba la Malonje, hapo nje ya mji, lilikuwa la serikali, likaenda kwa mwekezaji kwa nyaraka za kueleweka, na mgogoro wake na vijiji jirani umewachosha viongozi wengi. Hakuna dalali wa Majengo aliyehusika pale. Ndivyo inavyokuwa wakubwa wakitaka kufanya mambo peke yao.

Mchango wake kwa elimu ya watu wazima nao hautajwi. Pita mtaa wowote utasoma ukutani, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Au kwenye bati lililopigiliwa mtini: ENEO HILI HALIUZWI, OGOPA MATAPELI. Kabla ya dalali, wenye nyumba wengi hawakuwa wameandika chochote tangu waache shule. Na si Tanzania tu. Huko Lagos, Nigeria, kuta zimejaa maandishi ya maana hiyo hiyo, kwa sababu mwenye nyumba akisafiri kidogo anaweza kurudi akakuta imeuzwa na vyombo vyake. Kwa jirani zetu Kenya, Oktoba 2023, matingatinga yaliingia Mavoko yakabomoa nyumba, nyingine za kifahari kabisa, zilizosimama kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Wenye nyumba walisimama pembeni na karatasi zao za ununuzi mkononi. Zilikuwa na mihuri. Kwa hiyo mtu asije akasema dalali wetu ni tatizo la ushamba wa Rukwa. Yuko kwenye kiwango cha kimataifa.

Barabara pia imempa neema. Tangu lami ya Tunduma itufikie, kila mtu anataka kiwanja kinachoiona. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kwa hiyo lami ilipokaribia watu, watu nao waligundua wameikaribia mno. Zikaja alama za X ukutani, nyekundu kwa wasio na fidia na kijani kwa wenye matumaini. Dalali ndiye aliyetufundisha kuzisoma. Nyumba yenye X ya kijani aliitangaza kuwa “ina fidia ndani yake” na akaiuza ghali kuliko ile isiyo na alama. Yenye nyekundu aliiuza kwa mtu aliyekuja jioni.

Nirudi kwa mnunuzi, maana bila yeye dalali hana kazi. Nimewauliza watu kwa nini hawaendi ofisi ya ardhi kufanya upekuzi kabla ya kutoa pesa. Majibu yao ni ya hekima tu. Mmoja alisema ofisini watamuuliza maswali. Mwingine alisema akijulikana ana kiwanja ataanza kudaiwa kodi ya pango. Wa tatu alisema upekuzi ni dalili ya kutomwamini mwenye mali, na yeye alilelewa vizuri. Wa nne, msomi, mwenye shahada ya ununuzi na ugavi, alisema jirani yake alikwenda kufuatilia hati na mpaka leo anafuatilia. Huyo wa nne sikuwa na la kumjibu. Faili lilitoka dirisha moja likaenda jingine. Afisa alikuwa kwenye mafunzo. Ramani ilikuwa imepelekwa kuidhinishwa. Ikarudi na dosari ya nukta. Dalali hajawahi kuwa kwenye mafunzo.

Serikali imejaribu. Mwaka 2004 ulianzishwa MKURABITA kurasimisha mali za wanyonge, kwa kumsikiliza Hernando de Soto wa Peru, aliyeuaminisha ulimwengu kwamba nyumba ya maskini ikipata hati inageuka mtaji. Baadaye ukaja urasimishaji wa makazi mijini: mpima anapita, mchoro unachorwa, kila mwenye kiwanja anachangia. Wakati William Lukuvi alipokuwa Waziri wa Ardhi, wizara ilielekeza mchango usizidi shilingi 150,000. Kwenye mikutano ya mitaa watu walisimama mmoja mmoja wakalalamika kwamba pesa hiyo ni nyingi mno kwa mwananchi wa kawaida. Walisimama kwenye viwanja walivyomlipa dalali mara kumi ya hapo. Sisi si watu wa kuhesabu kila senti tukiwa na rafiki.

Watoto wetu walioko Dar na ng'ambo ndio hasa wanaomtunza. Wao hununua kwa picha. Pesa inatumwa kwa mjomba, mjomba anakwenda kwa dalali, dalali anatuma picha ya msingi uliochimbwa, kisha picha ya kuta, kisha picha ya bati. Picha ni nzuri na nyumba ni nzuri, na mwenye nyumba hiyo, ambaye ni mtu mwingine kabisa, hajawahi kulalamika kupigwa picha. Kijana anarudi baada ya miaka, anapelekwa kwenye kichaka, na anakuta mjomba amepungua kilo kwa aibu. Familia inakaa kikao. Kikao hicho huwa ndicho cha kwanza tangu msiba wa bibi, na ndugu waliokuwa hawasalimiani wanakula pamoja.

Kwa haki nitaje pia kwamba dalali naye ana shida zake. Wauzaji humzunguka wakamalizana na mnunuzi pembeni bila kumpa chake, jambo ambalo analieleza kwa uchungu wa kweli na kuliita wizi. Madalali vijana wameingia na simu za kisasa, wanatangaza kwenye makundi ya WhatsApp viwanja ambavyo yeye alikuwa bado hajamaliza kuviuza. Polisi humwita. Yeye huenda, hukaa siku mbili, hurudi na wateja wapya aliowapata huko huko.

Juzi nilikwenda kwake kwa ajili ya utetezi huu, nikitaka kuona jinsi mtu wa namna hiyo anavyoishi. Nilitarajia nyumba ya maneno. Nikakuta kiwanja cha pembe nne, mawe ya upimaji yote manne mahali pake, yamezungushiwa saruji yasihame. Alikinunua manispaa, kiwanja cha mradi, kwa namba ya malipo na risiti. Alipanga foleni, alijaza fomu, alisubiri mtandao urudi, alifuatilia faili dirisha kwa dirisha kwa miaka. Hati anayo, imeandikwa jina lake na la mkewe, yule yule mmoja wa siku zote. Nakala iko nyumbani, yenyewe ameiweka kwa paroko.

Nikamuuliza kwa nini alijitesa hivyo wakati viwanja visivyo na mgogoro viko tele mikononi mwake. Alinitazama kwa huruma.

“Mzee wangu,” akasema, “mimi nina watoto.”